Jibu: Leseni za kazi Marekani zinamlinda nani?

Ndugu, umeuliza iwapo sheria za leseni za kazi Marekani (yaani kibali cha serikali cha kufanya kazi fulani) zinawaumiza kweli maskini na Weusi, au ni ulinzi wa mteja tu. Kwa daktari sina ubishi, awe na leseni. Lakini miaka ya 1950 takriban mfanyakazi mmoja kati ya 20 ndiye aliyeihitaji. Siku hizi ni zaidi ya mmoja kati ya watano.

Tazama wasusi. Anayesuka nywele za Kiafrika hahitaji dawa kali, ni vidole na kitana. Hata hivyo majimbo kadhaa yalimlazimisha asomee urembo kwa saa 1,000 au zaidi, kwa maelfu ya dola, mara nyingi bila kufundishwa kusuka kwenyewe! Msusi Isis Brantley alikamatwa Dallas, Texas, mwaka 1997 kwa kusuka bila leseni, na Texas iliwaondolea wasusi sharti hilo mwaka 2015. Mwenye akiba atalipa na kusubiri. Mama anayelisha watoto kwa kipato cha siku atafanya kazi kwa kujificha, na hilo linaniuma sana.

Ubaguzi wala hauhitaji kuandikwa kwenye sheria. San Francisco iliwanyima vibali madobi Wachina wapatao 200 huku Wazungu karibu wote wakipewa, mpaka Mahakama ya Juu ilipowapa haki katika kesi ya Yick Wo mwaka 1886.

Chunguza pia masharti ya rekodi ya jinai: mtu anajifunza ufundi gerezani, akitoka bodi inayotoa leseni inaweza kumnyima leseni ya ufundi uleule.