Sifuri si nafasi tupu

Wewe unayeanza kazi ya afya ya jamii, jua mapema kwamba siku zako nyingi zitaishia kwenye rejista, simu na maswali. Zipende hizo kazi, maana ndizo zinazotuonyesha ugonjwa kabla haujasambaa.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nakusanya ripoti za wiki. Kituo kimoja kiliacha safu ya kuhara wazi wiki tatu mfululizo, nami nikaijaza sifuri ili jedwali likamilike. Nilipokwenda pale nikakuta rejista imejaa hadi jalada, na muuguzi anaandika wagonjwa kwenye daftari la mazoezi. Walikuwapo, tena wengi. Bado linaniuma. Sifuri maana yake tumetafuta, hatukumpata mgonjwa. Nafasi tupu maana yake hatujui. Ukiikuta tupu, piga simu siku hiyo hiyo.

Mlipuko wa ugonjwa ukitokea, anza na orodha ya wagonjwa, kila mtu na mstari wake: umri, jinsia, anapoishi, siku dalili zilipoanza, amechanjwa au la, hali yake sasa. Siku ya dalili ndiyo hukosewa sana, kwani wengi huandika siku mgonjwa alipofika kituoni. Dalili za kipindupindu huanza kati ya saa chache na siku 5 baada ya kuambukizwa, hivyo ukikosea siku tatu utatafuta chanzo mahali sipo. Asiyekumbuka tarehe muulize, "Ilikuwa kabla shule hazijafungwa, au baada?"

Waulize na wazima. London mwaka 1854, daktari John Snow alipochunguza kipindupindu kuzunguka bomba la maji la mtaa wa Broad Street, aliona wafanyakazi wa kiwanda cha bia cha jirani wamesalimika: walikunywa bia, na kiwanda kilikuwa na kisima chake.

Ukiambiwa wagonjwa ni 12, uliza: kati ya wangapi? Kati ya 300 ni asilimia 4. Kati ya 6,000 ni asilimia 0.2.

Halafu rudisha majibu kwa aliyekupa takwimu. Hili tunalisahau mno. Yule muuguzi nilimpelekea rejista mpya na grafu ya wagonjwa wake mwenyewe. Aliibandika ukutani, juu ya meza yake. Jumatatu iliyofuata alinipigia yeye kwanza: "Wiki hii kuhara ni sifuri, na nimetafuta."