Rimu nyepesi kwa Impreza WRX: mizani kwanza, urembo baadaye

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili nikaona nisikujibu kwa mstari mmoja. Una Impreza WRX ya 2003, ina rimu zake za kiwandani za inchi 17, na kuna jamaa anakuuzia za inchi 18, upana 8J (yaani inchi 8), ET35 (kipimo cha rimu kutoka nje au kuingia ndani, nakieleza chini), matundu kumi ya nati, anakuambia ni "nyepesi za mashindano". Anataka jibu Jumamosi. Jibu fupi: ziache. Jibu refu ni hili, kwa sababu njia hiyo nimeshaipita na nimeacha pesa huko.

Gari langu ni umbo hilohilo lenye kodi ya GDA, la mwaka 2004. Nililinunua nikiwa na ugonjwa mmoja tu, rimu za spoki sita rangi ya shaba. Unazijua, zile zilizonakiliwa kutoka TE37. TE37 zenyewe ni za kampuni ya RAYS ya Japani, zilitoka 1996, zimefuliwa kwa presi na si kumiminwa, na ile 37 kwenye jina ni kilo 3.7, uzito wa rimu ya inchi 15 yenye upana wa 6J. Sikuwa na pesa ya TE37. Nilikuwa na pesa ya nakala. Nikamuuliza muuzaji zina kilo ngapi, akanyanyua moja kwa mkono mmoja: "Kaka, hii si karatasi hii?" Nikanyanyua na mimi, nikaona kweli karatasi. Mkono ni mizani mbovu, hasa ukiwa umeshapenda.

Nikafunga inchi 18, tairi 225/40 (upana milimita 225, ukuta asilimia 40 ya upana huo). Picha zilitoka vizuri sana, sitadanganya. Ila ndani ya mwezi nikaanza kuona gari limekuwa zito kuondoka, gia ya kwanza na ya pili halina ule mruko, na usukani unanyang'anywa mkononi kila nikikanyaga shimo. Nikadhani tabo imechoka. Nikabadilisha plagi, nikasafisha sensa ya hewa, nikamsumbua fundi wangu wikendi mbili. Yeye ndiye aliyechoka akaniuliza, "Hizo rimu umeshazipima?"

Karibu na kwangu kuna stoo ya nafaka, wana mizani ya kupimia magunia. Nikapeleka rimu moja mpya na tairi lake, na moja ya zamani na tairi lake. Mwenye stoo akaniuliza leo naleta zao gani. Ile nakala ya inchi 18: kilo 10.8, na tairi kilo 10.4, jumla 21.2. Ya kiwandani ya inchi 17: kilo 8.6, na tairi 9.6, jumla 18.2. Kilo 3 kila kona, 12 gari zima. Yaani nilitoa hela nikaongeza mzigo, tena mahali pabaya kuliko pote kuongezea mzigo.

Kwa nini pabaya? Mzigo ukiwa kwenye buti unausukuma mbele tu. Ukiwa kwenye gurudumu unausukuma mbele na unauzungusha pia, na kadiri ulivyo mbali na kitovu ndivyo unavyokula nguvu zaidi. Kilo moja pale tairi linapogusa lami, wakati wa kuongeza mwendo, inakaribia kuwa sawa na kilo mbili ndani ya gari. Kwenye pipa la rimu, ile duara tairi linapokalia, ni kama kilo moja na nusu. Karibu na habu, pale rimu inapofungwa kwenye gari, ni kama kilo moja na kidogo. Halafu kuna habari ya springi: gurudumu halibebwi na springi, lenyewe ndilo linalorushwa na barabara, na springi na shokapu ndizo zenye kazi ya kulirudisha chini na kulituliza. Gurudumu zito likirushwa na tuta linachelewa kurudi, na muda wote huo tairi halijashika lami sawasawa. Ule usukani kunyang'anywa sehemu yake kubwa ilikuwa hapo.

Utaona kwamba kilo ya tairi inauma kuliko kilo ya rimu, maana tairi ndilo liko mbali zaidi na kitovu. Watu wanahangaika kupunguza gramu 400 kwenye rimu kisha wanavalisha tairi pana lenye kuta ngumu linaloongeza kilo nzima. Pima vyote viwili pamoja, la sivyo unajidanganya. Kama huna stoo ya nafaka jirani, mizani ya bafuni inatosha: jipime, kisha jipime umekumbatia gurudumu, toa. Inakosea kidogo lakini haiwezi kukuficha kilo tatu.

Sasa hizo za kwako. Rimu ya kiwandani ya WRX yetu ya inchi 17 ni 7J, karibu ET53. ET, au ofseti, ni umbali wa milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapokalia habu, namba ikipungua rimu inatoka nje. Ukienda 8J ET35, upana unaongeza milimita 12.7 kila upande, na ofseti inasukuma 18 nyingine nje. Jumla karibu milimita 31 nje ya ilivyokuwa. Sentimita tatu mkuu! Ukibeba watu nyuma ukapiga tuta, fenda itakata tairi, au utalazimika kukunja fenda kwa rola. Na hata isipogusa, usukani unabadilika tabia: mhimili wa kukatia kona haulengi tena pale ulipolenga kiwandani, kwa hiyo kila shimo linapata mkono mrefu wa kuvutia usukani. Kwa kulinganisha, 7.5J ET48 inatoka nje milimita 11 na kuingia ndani kama moja tu. Hiyo inakaa bila kugusa chochote, na ndiyo ninayotumia.

Matundu kumi nayo yana mambo yake. WRX yetu ni 5x100, yaani matundu matano kwenye duara la milimita 100; STI, toleo kali zaidi la gari hilihili, za kuanzia 2005 ndizo zikahamia 5x114.3. Rimu ya matundu kumi inachukua zote mbili ili muuzaji auze kwa kila mtu, mwenye Subaru na mwenye Mark X. Sisemi itavunjika. Nasema anayetafuta wepesi wa kweli haweki chuma cha ziada kati ya matundu ambayo hutayatumia maisha yako yote. Ukiona matundu kumi, jua hiyo rimu ilitengenezwa kwa ajili ya soko kwanza.

Tundu la katikati ndilo watu wanalisahau. Habu yetu ni milimita 56.1. Rimu nyingi za dukani ni 73.1, ziwe na ringi ya kujazia, la sivyo rimu inakaa kwa kutegemea nati peke yake na ukifika kilomita 90 kwa saa usukani unatetemeka na utalipia balansi mara tano bila kupona. Ringi ya alumini ni bora kuliko ya plastiki kama breki zako zinapata moto sana. Upande wa pili, usidanganywe na rimu za Celica au Caldina eti nazo ni 5x100. Ni kweli ni 5x100, ila tundu lao ni 54.1, haliingii kwenye habu ya Subaru. Kuna wanaolipanua kwa mashine ya kukereza chuma na likifanywa vizuri linafaa, lakini nimeona moja limekatwa pembeni, gari likawa linacheza kama punda mwenye kwato moja ndefu.

Sasa nimalizie hadithi ya zile nakala, maana hazikuishia kwenye uzito. Nilikuwa natoka Morogoro, usiku, mvua imenyesha, kabla ya Chalinze nikaingia kwenye shimo lililojaa maji. Kishindo kimoja. Gari likaendelea, nikashukuru Mungu. Asubuhi tairi la nyuma kushoto liko chini. Fundi wa tairi akalizamisha kwenye karai, mapovu hayatoki kwenye tairi, yanatoka kwenye mdomo wa ndani wa rimu: ufa wa kama sentimita sita. Akasema anachomelea kwa gesi ya ageni na kazi inaisha. Nikakubali, na hilo ni kosa langu si lake. Ndani ya wiki tatu ufa ukarudi, safari hii pembeni kabisa ya weldi.

Baadaye nikaelewa. Rimu ya alumini nzuri baada ya kutengenezwa hupashwa moto kwa kipimo, kupozwa ghafla, kisha kupashwa tena taratibu, ndipo inapata nguvu yake. Ukiichomelea au kuinyoosha kwa gesi, pale ulipopasha moto nguvu hiyo inapotea, na hakuna karakana ya mtaani inayoirudisha. Kunyoosha mdomo uliopinda kidogo, kwa jeki na bila moto mkali, naweza kuvumilia. Ufa kwenye mdomo, kama huna jinsi na unataka kufika nyumbani, sawa. Ufa kwenye spoki, tupa.

Namna ya kutengeneza ndiyo inayoamua. Zipo tatu utakazokutana nazo. Ya kumimina ndiyo ya kawaida, alumini inamwagwa kwenye kalibu, bei nafuu, na ili iwe imara lazima iwe nene, kwa hiyo nzito. Ikifanywa nyepesi kwa kupunguza unene tu, inakuwa kama yangu, inapasuka. Ya kufua inatokana na bonge la alumini linalobanwa na presi kubwa mno, chembe zake zinashikamana, kwa hiyo unaweza kuipunguza unene na bado ikavumilia, na ikipigwa kwa kawaida hupinda kabla ya kupasuka. Bei yake inakupa usingizi wa mang'amung'amu. Katikati kuna ile ya flofomingi: uso unamiminwa, kisha pipa linaviringishwa na rola likiwa la moto hadi linakuwa jembamba na gumu. Enkei, watengeneza rimu wa Japani, wanaiita ya kwao MAT. Kwa mtu wa kipato chetu na barabara zetu, hapo katikati ndipo penye haki.

Nilichochukua mwisho ni Enkei RPF1 za mtumba kutoka Japani, 17 kwa 7.5J, ET48, 5x100. Stoo ya nafaka tena: kilo 7.1, na tairi lilelile la 215/45 kilo 9.6, jumla 16.7. Chini ya kiwandani kwa kilo 1.5 kila kona, chini ya zile nakala kwa kilo 4.5. Siku ya kwanza nilijua kabla sijafika kona ya kwanza. Gari linaondoka kama limevua viatu. Mafuta? Wanaosema utapunguza mafuta siwakatalii, ila mimi sikuona tofauti, labda kwa sababu baada ya kufunga nilikuwa nakanyaga zaidi.

Ukienda kuzikagua za mtumba, usiangalie uso, geuza. Nyuma ya spoki tafuta alama za JWL na VIA, ambazo ni za viwango na ukaguzi wa Japani, na size iliyoandikwa kwenye chuma chenyewe. Alama pekee si ushahidi, maana anayenakili rimu atashindwa nini kunakili herufi tatu. Ndiyo maana nakwambia mizani. Kampuni zenye jina uzito wa kila size unajulikana, ukipima ya muuzaji ikazidi kwa kilo mbili, umepata jibu bila kugombana na mtu. Kisha zungusha kila moja kwenye mashine ya balansi bila tairi, utaona iliyopinda. Pitisha kucha mdomo wa ndani wote, na uwe na shaka na rangi mpya upande wa ndani. Nani anapaka rangi mahali pasipoonekana?

Na hiyo hamu ya inchi 18, naielewa, lakini fikiri. Magari ya WRC, mashindano ya dunia ya rali, yakikimbia kwenye changarawe, kama kule Naivasha kwenye Safari Rally, hufunga inchi 15 zenye ukuta mrefu wa tairi. Zile 18 wanaziweka kwa mbio za lami. Wale wana fedha za kufunga chochote. Sisi lami yetu ina matuta, mashimo, na mawe ya wanaofanya matengenezo, halafu tunataka ukuta wa tairi wa milimita 90. Kama hujali sura, hata 16 yenye 205/55 inakaa: kipenyo kinazidi 215/45R17 kwa asilimia moja tu, spidomita haitalalamika. Kata kwanza kadibodi kwa umbo la kalipa zako za breki uhakikishe zinapita, maana mtu akishafunga breki kubwa za Brembo za STI, 16 imekufa.

La nati usilichukulie kirahisi. Za kwetu ni M12x1.25, za Toyota ni M12x1.5: unene ni uleule wa milimita 12, ila nafasi kati ya nyuzi ni tofauti. Nati ya Toyota inaanza kuingia kwenye bolti ya Subaru kama rafiki, kijana anamalizia kwa mashine ya upepo, kesho unanunua bolti za habu. Kaza kwa mkono kwanza, kisha spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kama Nm 100, na urudie baada ya kilomita 100.

Jumamosi nenda na mizani ya bafuni kwenye mfuko. Akikataa usipime, mshukuru urudi nyumbani. Akikubali, weka namba hapa tuzione, na picha ya nyuma ya spoki.