Mkuu usiandike kwamba ψ ni sifuri kwenye kiini, mimi ilinila mwaka mzima

Futa hiyo slaidi leo leo. Mleta uzi unasema prizentesheni yako ni Jumatatu, umeshaandika kwamba fanksheni ya wimbi ya elektroni, yaani hiyo ψ, lazima iwe sifuri kwenye kiini cha atomu kwa sababu "elektroni haiingii kwenye kiini". Mimi nilipofika kwenye hiyo sifuri moyo ulinilipuka, maana sentensi hiyo hiyo ndiyo niliyopeleka mbele ya wasahihishaji.

Ilikuwa mwaka wa mwisho, projekti yangu kukokotoa nusu-maisha ya beriliamu-7, yaani muda ambao nusu ya viini vyake vinakuwa vimeoza. Kwa wasioijua, hii kiini chake kina protoni 4 na nyutroni 3, na kinameza elektroni moja ya atomu yake yenyewe, protoni inageuka nyutroni, nyutrino (chembe nyepesi mno) inachomoka, unabaki na lithiamu-7. Maabara zimeshapima, ni siku 53 na ushee. Sasa kasi ya kumeza inategemea ukubwa wa ψ², yaani msongamano wa uwezekano wa kuikuta elektroni, pale pale kilipo kiini. Mimi nimeshakaririshwa kwamba pale ni sifuri, kwa hiyo nikiingiza sifuri kasi inatoka sifuri, maana yake beriliamu inaishi milele. Miezi minne aisee, nabadilisha programu, nalaumu kompyuta, naandika upya toka mwanzo, silali. Mwisho ndo nikafanya lile kosa lililonimaliza, nikasema basi nichukue ψ² ya pale kwenye kilele cha grafu ya handauti tuliyokaririshwa, si ndipo elektroni "inapokaa"? Nikapata siku 393. Na badala ya kushtuka nikaandika kurasa tatu nzima kutetea siku 393!

Msahihishaji wa nje aliuliza swali moja tu: elektroni isiyofika kwenye kiini inamezwaje na kiini? Nilikosa la kusema. Nikarudia mwaka, mzee akauza ng'ombe wawili wa maziwa kulipa ada, na hadi leo nikienda nyumbani nikaona lile zizi naikumbuka ψ.

Aliyeniingiza mkenge ni jamaa wa tuisheni aliyekuwa akituuzia handauti kila wiki. Alisoma mahali kwamba kwa kanuni ya Heisenberg (ukibana chembe kwenye nafasi ndogo, mwendo wake unakuwa mkubwa) elektroni haiwezi kuishi ndani ya kiini, jambo ambalo ni kweli, ukiifungia kwenye nafasi ndogo vile nishati yake inapanda mno mpaka hakuna cha kuishikilia. Lakini kutofungiwa ndani ni jambo moja na wimbi lake kupita humo ni jambo lingine kabisa! Yeye akachanganya, akachora grafu inayoanzia sifuri, akaandika "ψ" kwenye mhimili wa wima, akachukua hela zetu. Darasa zima tukakariri. Hilo sijamsamehe.

Ile grafu inayoanzia sifuri na kupanda mpaka kilele kwenye pikomita 52.9 kwa haidrojeni SIO ya ψ², ni ya r²ψ², r ikiwa umbali kutoka kwenye kiini. Ona hivi. Chukua mwembe uliodondosha maembe. Karibu na shina yamelundikana, kila hatua unayosogea yanapungua. Sasa ukianza kuyaokota kwa duara, duara la kwanza kuzunguka shina unapata machache kwa sababu duara lenyewe ni dogo, la mbele kidogo unapata mengi kwa sababu ni pana, la mbali kabisa machache tena kwa sababu maembe yenyewe yameisha. Hesabu ya kila duara ndiyo mfano wa r²ψ², ila kwenye atomu duara ni tufe, ndiyo maana r ina mraba. Msongamano wa maembe ndiyo ψ², na huo kwa ganda la 1s, lile la ndani kabisa la elektroni, uko juu kabisa pale shinani, yaani kwenye kiini. Ukiuchukua kwenye kilele cha ile grafu nyingine umeshashuka mara 7.4, sasa zidisha 53.2 kwa 7.39 uone siku zangu 393 zilikotoka.

Kweli kiini ni kidogo sana, kwenye haidrojeni uwezekano wa kuikuta elektroni ndani ya protoni ni kama 5 kati ya 1,000,000,000,000,000. Kidogo, ila si sifuri, na tofauti hiyo ndogo inaonekana kwa macho. Kule Olduvai fuvu aliloliokota Mary Leakey mwaka 1959 lilipewa umri wa miaka milioni 1.75 mwaka 1961 kwa kupima potasiamu na agoni kwenye tabaka za majivu ya volkano. Hiyo agoni imetoka wapi? Kati ya kila viini 100 vya potasiamu-40 vinavyooza, kama 11 vinameza elektroni yao vinakuwa agoni-40. Kama ψ ingekuwa sifuri kwenye kiini, saa ya Olduvai isingekuwepo. Na potasiamu ina protoni 19, kwa hiyo ganda la 1s limevutwa ndani, msongamano pale katikati ni karibu 19×19×19 ya haidrojeni, zaidi ya mara 6,800. Elektroni za aina ya p na d (herufi hizi ni majina ya maumbo ya mawimbi yao) ndizo zenye sifuri pale katikati, hizo unaruhusiwa kuziandikia, lakini 1s hapana, 2s hapana, s yoyote ile hapana.

Ukishika grafu yoyote ya atomu, kabla hujafungua mdomo soma mhimili wa wima, uliza kama ni ψ² au r²ψ². Kama haujaandikwa kitu, grafu hiyo tupa. Tupa hata kama aliyekupa ana digrii tatu.

Ukishairekebisha hiyo slaidi iweke hapa niione, hata saa nane usiku niko macho.