"Kifo akamwambia" au "kifo kikamwambia"?

SWALI: Mwalimu, assalaam aleikum, na shikamoo. Sisi ni vijana wachache hapa Malindi, tunajaribu kutia sauti za Kiswahili katika tamthilia ya Kikorea. Mna mhusika mmoja, kijana mtanashati wa suti na kofia nyeusi, ambaye kazi yake ni kuzipokea roho za waliokufa. Mwenzetu mmoja aliandika "Kifo akamwambia". Mwengine, anayesomea ualimu, akasema hilo ni kosa la ngeli, iwe "Kifo kikamwambia". Mimi nikapendekeza tumwite Izraili, yaishe. Bibi yangu aliyekuwa akitusikiliza akakataa katakata. Nani ana haki? Na je, katika mashairi ya Lamu kifo huwa mtu?

JIBU: Waaleikum salaam, marahaba mwanangu. Bibi ana haki kuliko nyote, na kwake nitafika. Wenzako wawili wote wameandika Kiswahili safi. Huyo mwalimu mtarajiwa aliteleza pale tu aliposema mwenzake amekosea.

Kifo ni neno la ngeli ya KI-VI, hilo halina ubishi: kifo kimetokea, vifo vimetokea. Lakini ngeli zetu haziangalii umbo la neno peke yake, huangalia na uhai. Kinyozi, kipofu, kiongozi, kiboko, yote yana "ki" mwanzoni, na hakuna anayesema "kinyozi kimefunga duka". Chenye uhai huvutwa katika A-WA hata kikiwa na umbo gani. Basi swali la kujiuliza ni hili: katika hadithi hiyo, Kifo amepewa uhai au bado? Akiwa ana kofia, ana suti, anajibu akiulizwa, amekwisha kuwa mtu, na "akamwambia" ni sarufi iliyonyooka.

Hata hivyo msikimbilie kudhani kwamba kila kitendacho kazi ya mtu lazima kipewe A. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Tazama methali hiyo vizuri: zimwi linajua watu, linabagua wa kumla na kiasi cha kumla, na bado limebakia na LI yake. Wasimuliaji wetu walimwachia hivyo kwa makusudi, kwani kiumbe anayesema na kula watu bila kuhesabiwa miongoni mwa watu anatisha zaidi. Kwa hiyo "kifo kikamwambia" nayo ina nguvu yake. Msikilizaji anasikia kitu kinasema, na hajui kitu hicho kina uso au hakina.

Ndiyo maana tashihisi, yaani kukipa kitu sifa za mtu, kwa Kiswahili haihitaji kubadili ngeli. Kitenzi chatosha. Kifo kinanyemelea. Kifo hakibishi hodi. Mauti yamemfika, au mauti imemfika, kwani neno hili huchukua ngeli zote mbili. Na katika maandiko ya rambirambi watu humgeukia kabisa wakamsemesha: "ewe kifo, umetupokonya." Hapo ngeli inapumzika, maana ukishasema "wewe" hakuna KI wala A.

Mfano unaonipendeza kuliko yote uko katika Biblia ya Kiswahili ya Union. Ufunuo 6:8 panatajwa farasi wa rangi ya kijivujivu, "na yeye aliyempanda jina lake ni Mauti, na Kuzimu akafuatana naye". Kuzimu ni mahali! Lakini kwa kuwa hapo anamfuata mpanda farasi kama mtumishi, watafsiri wakampa "akafuatana" bila kusitasita. Nenda sasa sura ya 20 ya kitabu hichohicho, aya ya 14: Mauti na Kuzimu "zikatupwa" katika ziwa la moto. Wawili wale wale, herufi kubwa zile zile, na A imeondoka. Walipopanda na kufuatana walikuwa watu. Walipotupwa wamekuwa vitu. Sijui kama watafsiri walikaa kikao juu ya hilo au masikio yao yaliwaongoza, lakini masikio yaliongoza vyema.

Upande wa madrasa mna mfano unaolingana na huo. Katika hadithi iliyomo kwa Bukhari na Muslim, Siku ya Kiyama mauti yataletwa kwa sura ya kondoo dume mwenye weupe na weusi, asimamishwe baina ya Pepo na Moto, kisha achinjwe. Sikiliza sentensi inavyosafiri: mauti ya-taletwa, a-chinjwe. Ngeli imebadilika njiani kwa sababu mauti yamepata mwili.

Na mahali pengine mwili huo una jina la ukoo kabisa. Majirani zetu Waganda wana Walumbe, nduguye Nambi, mke wa Kintu, mtu wa kwanza katika ngano zao. Nambi na Kintu walipotoka mbinguni kuja duniani walikatazwa kurudi nyuma. Wakarudi kuchukua mtama wa kuku, Walumbe akawafuata, na tangu hapo watu wanakufa. Ukisimulia ngano hiyo kwa Kiswahili huna njia ila kusema Walumbe alikuja, alikataa kuondoka, alijificha ardhini. Ni shemeji ya mtu. Nani atamwita shemeji "kile"?

Sasa mashairi ya Lamu. Ukitafuta humo Kifo mwenye joho na mundu, kama yule wa Ulaya, utarudi mikono mitupu, au karibu na hivyo. Chukua Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ya mwanzoni mwa karne ya 19. Ni utenzi wa kifo kutoka juu hadi chini: mshairi anausuta moyo wake, anauonyesha majumba ya Pate yaliyokuwa na taa na vyombo vya fahari, sasa ndege wamezaa katika madaka na bundi anakoroma ndani. Lakini aliyepewa pembe humo ni ulimwengu. Anaufananisha na kisima kilicho na mwana wa ng'ombe, kila akaribiaye kuteka hupigwa pembe, asinywe maji yake. Mauti yenyewe hayakuvikwa uso. Yanaonekana kwa kazi yaliyofanya, kwa nyumba zilizobaki na mende.

Au Utendi wa Liyongo alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913, mtu wa hapa hapa Amu, yaani Lamu. Liyongo anachomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe. Anakwenda kupiga goti karibu na kisima, ametia mshale katika uta, anafia hapo hapo, na watu wanakaa bila maji kwa kudhani yu hai. Hakuna malaika anayeonekana akija, wala mauti hayasemi neno. Anayetisha ni maiti. (Na kwa kuwa tumelitaja: mwambao mtu husema "maiti anakoshwa", "maiti yuko nyumbani". Vitabu vya shule vingi vitakwambia "maiti inaoshwa". Mimi nitabaki na "anakoshwa", kwani aliyelala pale ni baba wa mtu.)

Sababu ya ukimya huo ndiyo inayomfanya bibi yako awe na haki. Katika fikra za watu wa mwambao nafasi ya mtu anayekuja kuchukua roho haiko wazi, imekwisha kujazwa. Qur'ani, sura ya 32 aya ya 11, yamtaja "malaika wa mauti" aliyewakilishwa kazi hiyo. Jina Izraili halimo katika aya, limekuja kwa mapokezi, na katika tenzi za zamani utalikuta kama Ziraili. Yeye ni A-WA daima, hakuna wa kubishana. Lakini tazama ule unganishi wa "wa": malaika *wa* mauti. Yeye si mauti, ni mtumwa aliyepewa amri. Katika masimulizi ya kutawafu kwa Mtume, malaika huyo anabisha hodi mlangoni na kuomba ruhusa. Mshairi aliyekulia katika masimulizi hayo hana haja ya kuyavisha mauti kanzu, maana mwenye kuja anajulikana na aliyemtuma anajulikana.

Huyo kijana wenu wa kofia, kama ndiye yule wa Goblin ya kituo cha tvN, iliyoonyeshwa 2016 hadi 2017, ni mtu wa namna nyingine kabisa. Anawapikia marehemu chai ya kusahaulisha, ana dhambi za maisha yaliyopita, na anapenda mwanamke hadi anashikwa na kigugumizi. Kumpachika jina la Izraili ni kumzulia malaika mambo yasiyo yake, na bibi amelisikia hilo kabla yenu. Wakorea wenyewe humwita *jeoseung saja*, yaani mjumbe wa ahera. Mwiteni "mjumbe wa mauti". Neno "mvunaji", ambalo wengine hulitumia kwa yule mfu wa Ulaya mwenye mundu mrefu, mimi silipendi. Huku kwetu mavuno ni furaha, na mvunaji ni mtu anayerudi nyumbani akiimba.

"Mjumbe wa mauti" lina faida nyingine mtakayoiona sehemu za mbele, wanapokutana wajumbe wengi pamoja. Mkishikilia "Kifo", mtasema nini? "Vifo watatu waliketi" ni kichekesho, na "vifo vitatu" ni habari ya polisi.

Mkipata siku moja mhusika ambaye ndiye kifo chenyewe, si mjumbe, ningechagua "Mauti" kuliko "Kifo". Kifo ni tukio, huhesabika: kifo cha fulani, vifo vya mafuriko. Mauti hayahesabiki, na ndiyo maana yanakaa vizuri yakiwa jina la mtu. Mkimpa A, basi mumpe mpaka mwisho: Mauti mwenye joho, Mauti huyo, Mauti alicheka. Na mjihadhari na sifa, kwani "kifo kikatili" ni namna mtu alivyokufa, ilhali "Kifo mkatili" ni yeye mwenyewe aliyesimama mlangoni. Katika maandishi herufi kubwa husaidia kutofautisha. Nyinyi mnatia sauti, na herufi kubwa haisikiki, kwa hiyo A ndiyo itakayomwambia msikilizaji kwamba huyu ni mtu.

A hiyo ina jambo moja ambalo lugha nyingi zinalikosa. Kifaransa humfanya Mauti mwanamke, Kijerumani mwanamume, kwa sababu sarufi zao zimewalazimisha. Emily Dickinson wa Marekani, katika shairi lililochapwa 1890, alimfanya mwanamume mpole mwenye gari la farasi. Bergman wa Uswidi, katika filamu yake ya 1957, mwanamume wa joho jeusi anayecheza sataranji. Ilipofika 2022, tamthilia ya *The Sandman* ikamleta kwa uso wa mwanamke, Kirby Howell-Baptiste, mcheshi na mwenye huruma. Mkitafsiri zote hizo, kitenzi chenu hakibadiliki hata herufi: alikuja, akaketi, akasema.

Mwisho, tahajia. Katika karatasi mliyonitumia mmeandika "Israeli mtoa roho". Mtoa roho ni Izraili, kwa Z. Israfili ndiye wa kupuliza baragumu. Israeli ni jina la Nabii Yaakub, na la nchi.