Kabla ya maandamano, daftari: kwa mnaoanza kazi ya haki mtaani

Karibu kila anayejiunga nasi huuliza siku ya kwanza, "Maandamano ni lini?" Siwalaumu. Mimi pia nilivutwa na Saba Saba, maandamano ya kila Julai 7, nikiona watu wa Mathare na Kayole wakitembea bega kwa bega. Lakini katika vituo vya haki vya mitaa ya Nairobi, kazi kubwa ni kuandika.

Mwaka wangu wa kwanza, mama mmoja alinijia usiku. Mwanawe alikuwa amepigwa risasi kichochoroni. Nilikaa naye, nikalia naye, nikamwahidi kwamba haki itapatikana. Sikuandika hata neno. Kesho yake wakili akaniuliza: ilikuwa saa ngapi? Walivaa sare au kiraia? Nguo za marehemu ziko wapi? Tulipofika nyumbani, shati la bluu lilikuwa kwenye kamba, linachuruzika maji, tundu likionekana chini ya bega la kulia. Mama alikuwa amelifua alfajiri. Angefanya nini tena, na damu ya mwanawe iko mbele yake? Wa kumwambia asilifue nilikuwa mimi.

Kwa hiyo shikeni hili mapema. Nguo yenye damu haifuliwi. Iacheni ikauke kivulini, muitie kwenye bahasha ya khaki, maana kwenye plastiki huoza. Andikeni juu yake tarehe, saa, na kila mtu aliyeishika. Familia iulizwe mapema kama ingependa daktari wake awepo wakati wa upasuaji wa maiti. Familia ya Kiislamu itataka kuzika haraka; msibishane nayo, ongeeni kwa upole na mzee wa nyumba au imamu, kisha uamuzi ni wao.

Mkimhoji shahidi, tenganisheni alichokiona na alichoambiwa. Akisema "walimtoa kwa kibanda cha chai," andikeni hivyo hivyo, msimsafishie maneno. Jina lake lisiingie kwenye kundi la WhatsApp, hata la kwetu wenyewe. Nimeona shahidi akihama mtaa usiku mmoja kwa sababu ya ujumbe uliosambazwa na mtu mwenye nia njema.

Sheria si nyingi za kuanzia. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 mkijue kwa moyo: aliyekamatwa aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa, awasiliane na wakili, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata muda huo ukiisha wakati mahakama imefungwa. Kila mkiripoti kwa polisi, msiondoke bila namba ya OB, daftari la matukio la kituo. Kifo au jeraha baya mikononi mwa polisi lipelekeni pia IPOA, chombo huru cha kusimamia polisi kilichoundwa kwa sheria ya 2011.

Na maandamano, tukifika huko, yamelindwa na kifungu cha 37 mradi ni ya amani na bila silaha. Watu husema "kibali", lakini sheria inadai taarifa tu: OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, apewe kwa maandishi, siku 3 hadi 14 kabla. Nakala yenu igongwe muhuri.

Mama yule sasa ndiye anayekaa na familia mpya zinapokuja. Mketi karibu naye, msikilize anavyouliza.

Jumamosi tunaanza saa tatu asubuhi. Njooni na daftari na kalamu ya wino, penseli hufutika.