Difu ya inchi 8 au 9?

Swali: Nina Ford Mustang ya 1967. Muuzaji wa Kirinyaga Road ana difu anayosema ni ya inchi 9. Nitahakikishaje? Msomaji, Buruburu.

Jibu: Inchi hizo ni kipenyo cha gia kubwa ya ndani ya difu. Kifuniko cha nyuma hakitakusaidia, ya 8 na ya 9 zote hufunguliwa kwa mbele. Nenda na soketi. Kwenye ya 8 inaingia kila nati inayoshikilia sehemu ya mbele ya difu. Kwenye ya 9, nati mbili za chini hukataa soketi, zataka spana. Kibati cha chuma kilichofungwa kwenye difu kikisema 3L50, ni uwiano wa gia wa 3.50 wenye loki, yaani magurudumu yote mawili husukuma pamoja. Bila L, ni difu ya kawaida. Lakini kibati huhamishwa kirahisi! Pima upana pia: ekseli ya Mustang ya 1965 au 1966 ni fupi kwa inchi 2 hivi, magurudumu yatazama ndani. Kama injini ni ya 289 (ukubwa wake kwa inchi za ujazo) ambayo haijaongezwa nguvu, ya 8 yakutosha.