Unataka kung'oa bolti kwenye mwamba wa hifadhi? Grainda iache kwanza

Naulizwa sana hii ishu ya kutoa bolti za wapandaji miamba (vyuma vinavyopigiliwa kwenye mwamba ili mpandaji afungie kamba yake ya usalama) kwenye maeneo yaliyohifadhiwa, na wengi wanaouliza wameshashika grainda mkononi, wanasubiri tu mtu awaambie twende. Mimi nafanya hii kazi kwa kujitolea na naomba usikate. Ukikata kwa grainda kile kipande cha ndani kinabaki, kinaota kutu, kutu inachuruzika ukutani unapata michirizi ya kahawia ambayo ni mibaya kuliko bolti yenyewe, alafu cheche zinadondokea majani makavu huko chini, ndani ya hifadhi. Hapo umesaidia nani?

Ila kabla ya vyuma, ruhusa. Mwenye eneo ni mamlaka ya hifadhi, sio wewe na sio aliyepigilia bolti, hata kama alipigilia kimagendo. Kuongea na wapandaji nako ni lazima, maana bolti zina wenyewe na zina ugomvi. Mwaka 2012 wapandaji wawili, Hayden Kennedy na Jason Kruk, walitoa zaidi ya bolti 100 kwenye mlima Cerro Torre, mpaka wa Argentina na Chile, zile ambazo mpandaji Mwitaliano Cesare Maestri alipigilia 1970 kwa drili ya kompresa, na waliposhuka kijijini walikuta watu wamewaka kweli kweli. Wengine waliwapongeza, sawa, lakini ugomvi ule haujaisha mpaka leo.

Uliza pia kama ndege wanaatamia. Kozi hutaga kwenye vijukwaa vya miamba na ukimpigia nyundo karibu anaweza kuacha mayai, kwa hiyo subiri makinda yaruke.

Sasa kazi yenyewe inategemea aina. Ile ya kutanuka ndani ya shimo, yenye nati kwa nje, fungua nati kwa spana, toa hanga (kile kibati cha kupitishia karabina, yaani pete ya chuma ya kushikia kamba), alafu vuta shina lake kwa kifaa cha kuvutia cha skrubu au haidroliki, taratibu. Likigoma watu wanalizungusha kwa drili huku wanamwagia maji mpaka ule mkanda wa ndani unaolishikilia ulegee ndio wanavuta. Kuna wanaoipiga nyundo kulia kushoto mpaka ikatike, hao sina la kuwaambia, inakatikia ndani na jiwe linabanduka pembeni. Ile iliyobandikwa shimoni kwa gundi ndio kichwa kinauma. Ipashe moto gundi ilainike kisha uizungushe na bomba refu, ikishindikana unakata jiwe kuizunguka kwa biti ya almasi yenye uwazi katikati, na shimo linakuwa kubwa. Kusema kweli bolti nzima ya gundi isiyomsumbua mtu mara nyingi mimi naiacha.

Na zile za juu kabisa za kushukia na kamba usizikimbilie. Ukizitoa watu watafunga kamba kwenye miti na miti ya ukingoni ndio itakayochubuka.

Kingine, usiache njia (ule mstari wa bolti wa kupandia) nusu. Mtu akikuta bolti za chini zipo atapanda, akifika katikati hakuna kitu. Kama hamtamaliza siku hiyo anzeni na za chini asishawishike mtu kuanza. Wewe ning'inia kwenye nanga mbili za juu, kamwe sio kwenye bolti unayoitoa, vaa miwani, na awepo mtu chini wa kuzuia wapita njia maana vyuma na mawe vinadondoka.

Shimo likibaki safi pulizia vumbi litoke, jaza epoksi (gundi inayokauka ikawa ngumu), alafu ikiwa bado mbichi ubandike unga wa jiwe la hapo hapo uliookota chini. Usilete mchanga wa kwingine, rangi itakusaliti hasa mvua ikinyesha. Na jaribu kwanza shimo moja la pembeni lisiloonekana, rangi ya epoksi ikikauka hubadilika.